Msimmalizie Mama Subiri

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu, wafanyakazi wenzake wa maktaba, wasichana wa Jumamosi wa zamani na wa sasa, mimi ni mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu, kazi yangu ni upimaji wa ardhi, na nina kigugumizi tangu nilipoanza kusema, hivyo historia hii ambayo mtu mwingine angeisoma kwa dakika kumi, mimi huenda ikanichukua nusu saa, na kabla sijaanza nawaomba jambo moja tu, kwamba nikisimama katikati ya neno, hata kama neno lenyewe mnalijua, na hata kama mnanionea huruma, msinimalizie.

Ombi hilo si langu peke yangu. Jumatano jioni, familia ilipokaa kupanga mazishi, ilionekana wazi kwamba msomaji angekuwa Mjomba, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa mtangazaji wa kituo kikuu cha mabasi na ambaye sauti yake imewasafirisha wengi wenu mliopo hapa, na kila mtu akaitikia kwa kichwa, nami nikaitikia, kwa sababu ndivyo nilivyozoea, mpaka kaka yangu alipoleta bahasha iliyokutwa kwenye droo ya meza ya marehemu, ndani yake mkiwa na kadi ya maktaba, ile ya kuazimia vitabu, na nyuma ya kadi kukiwa na mwandiko wa Mama wa kabla ya ugonjwa, umenyooka kama mshono. Mjomba, kwa kuwa ndiye mwenye sauti, alipewa aisome, akaisoma kwa sauti ile ile ya mabasi yanayoondoka: "Historia yangu aisome binti yangu. Kaka asimsaidie."

Alipomaliza alinikabidhi kadi, akaketi. Hata hivyo anayo nakala ya pili ya karatasi hizi kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, ya tahadhari tu, anasema, nami nimemwomba ibaki humo humo.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, ambaye alikuwa seremala, mama yake akiwa mpishi wa shule, na alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne na wa kike pekee, akitanguliwa kwa miaka minne na huyu Mjomba mnayemwona hapa mbele, ambaye alimpenda mno dada yake, hilo halina ubishi, alimbeba mgongoni, alimchongea vinyago vya mbao, na alimjibia kila kitu. Mgeni akimuuliza mtoto jina lake, Mjomba alilitaja, akiulizwa ameshiba, Mjomba alisema ameshiba, akiulizwa kwa nini analia, Mjomba alikuwa na sababu tatu tayari, hata baadhi ya majirani wakadhani mtoto yule ni bubu, kumbe hakuwa bubu, alikuwa hajapata nafasi tu.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1965 na kuimaliza mwezi Novemba 1971, akiwa wa pili darasani, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu maisha yote ya marehemu yaligeukia kwenye dakika moja ya mwezi ule. Mwalimu mkuu aliita kila mwanafunzi na mzazi wake ili kujaza fomu ya kwenda mbele, baba yake alikuwa juu ya paa la mtu, mama yake alikuwa jikoni kwa watoto mia tatu wa watu wengine, basi akaenda na kaka yake, na mwalimu akauliza, binti, wewe ungependa kuwa nani. Marehemu alifungua mdomo. Alikuwa anafikiri, ndivyo alivyonisimulia miaka mingi baadaye, alikuwa anafikiri kwa furaha kama mtu aliyepewa kuchagua dukani, na kabla hajafika popote Mjomba akasema, mshonaji, mwalimu, dada yangu anapenda sana kushona, na sababu ya kusema hivyo ni kwamba asubuhi ile marehemu alikuwa amemshonea kifungo cha shati. Mwalimu akaandika mshonaji. Kwa kifungo kimoja cha shati, mtoto wa pili darasani akapelekwa chuo cha ushonaji, alikosoma mwaka 1972 na 1973, kisha akashona sare za shule kwa miaka miwili katika chumba chenye cherehani kumi na nne na dirisha moja.

Lakini maji hufuata mkondo, na Jumatatu tarehe 2 Februari 1976 marehemu aliajiriwa na maktaba ya mji, si kwa kuwa alikuwa msomi, bali kwa kuwa walitafuta mtu wa kushona vitabu vilivyochanika, wakampa meza chini ya ngazi, gundi, nta, sindano nene na rundo la vitabu lililomfika kifuani. Alikuwa mwepesi wa mkono, ila kazi yake ilikwenda polepole ajabu, hadi mkuu wa maktaba wa wakati ule alipomchungulia siku moja akakuta anasoma, kwani marehemu alikuwa amejiwekea sharti kwamba hashoni kitabu asichokisoma, akidai huwezi kutibu mgongo wa mtu usiyemjua jina. Mkuu yule, badala ya kumfukuza, alimwandikisha masomo ya jioni, ndiyo maana marehemu alimaliza sekondari mwaka 1980 akiwa na miaka ishirini na miwili, akapata cheti cha ukutubi mwezi Agosti 1982, akapandishwa kutoka chini ya ngazi hadi kaunta ya mbele mwaka 1983, na kuwa mkuu wa maktaba ile ile tarehe 1 Julai 1994. Vitabu alivyovishona bado vipo kwenye rafu, mtavitambua kwa uzi wa bluu.

Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982 marehemu alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa saa aliyekuwa na kibanda mkabala na maktaba, na ambaye aliitwa mara moja kutengeneza saa ya ukutani ya chumba cha kusomea, akarudi kuitengeneza mara tisa, mpaka wafanyakazi wakaanza kusema saa yenyewe haina ugonjwa wowote, mgonjwa ni fundi. Baba alikuwa mtu wa kusikiliza, kazi yake ilimfundisha hivyo, na alifariki tarehe 30 Juni 2009, akimwacha Mama na saa ile ambayo hadi leo inachelewa dakika sita. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu, fundi umeme, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1983, na mimi niliyezaliwa tarehe 22 Mei 1985.

Kwa wasionijua utotoni, shuleni niliitwa Redio Mbovu. Niliitikia. Nilijifunza pia kukwepa, kwa sababu mwenye kigugumizi huyajua maneno yake yenye miiba kama mwenye nyumba anavyojua ubao uliolegea, hivyo badala ya neno linalonikamata nilitafuta jingine la maana ile ile, na kama mnaniona nina msamiati mpana basi jueni umetokana na woga. Na nyumbani Mama alinisaidia. Mama aliyejibiwa na kaka yake utoto mzima, alinijibia mimi, sentensi baada ya sentensi, dukani, kwa daktari, mbele ya wageni, nikianza yeye anamaliza, kwa upendo mkubwa na kwa haraka kubwa, na ninasema hili mbele ya jeneza lake kwa sababu yeye mwenyewe alilisema mbele ya watu wengi, na asingependa nimpake rangi leo.

Jumatatu tarehe 11 Januari 1999, nikiwa na miaka kumi na mitatu, Mama alinipeleka kuanza sekondari, tukaketi ofisini kwa mwalimu mkuu, mwanamke mpole mwenye miwani, akaniuliza jina langu, nikaanza, Mama akalitaja, akaniuliza napenda somo gani, nikavuta pumzi, Mama akasema hisabati, akaniuliza nataka kuwa nani, na kabla hata sijafungua mdomo Mama akasema, mkutubi. Mwalimu akaandika. Tulitoka, tukapita lango, tukafika karibu na kibanda cha fundi viatu kilichokuwa na benchi, na pale nikasimama, nikamwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyashika tangu nina miaka mitano, na yalinichukua muda mrefu sana, na kwa sababu nilikuwa nimemkamata mkono alilazimika kuyangoja yote.

"Mama," nilimwambia, "sijakwama. Ninakuja."

Mama aliketi kwenye benchi la fundi viatu, akaniomba msamaha, kisha akanisimulia habari ya kifungo cha shati, ambayo hakuwahi kumsimulia mtu, hata Baba, tukakaa pale hadi fundi akatuuliza kama tuna viatu vya kushona au tumekuja kumkalia benchi. Tuligeuza, tukarudi ofisini, na Mama akamwomba mwalimu afute neno mkutubi na kuacha pale wazi. Mwaka mzima fomu yangu ilikuwa na nafasi tupu, na sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko ile.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi tarehe 6 Machi 1999, saa tatu asubuhi, Mama alifungua chumba cha magazeti ya zamani, akatoa meza, akapanga mabenchi manane ya kimo kimoja katika duara, akakigeuza kibao cha KIMYA kikatazama ukuta, na kuanzisha kile ambacho kwenye barua za ofisi kiliitwa Programu ya Kuwajengea Wasichana wa Umri wa Miaka Kumi na Miwili hadi Kumi na Minane Moyo wa Kujiamini na Usawa, jina ambalo hata asiye na kigugumizi hawezi kulisema bila kupumzika njiani, ndiyo maana sisi tuliiita Jumamosi tu. Tulikuwa wanane siku ile, wanne wa shule ya kulipia na wanne wa mtaani, na wasichana wawili kati yetu hawakuwahi kusikia sauti zao wenyewe chumbani kwenye watu zaidi ya watano. Kila msichana alipewa kadi yake, akaisaini mwenyewe, bila sahihi ya baba, kaka wala mjomba. Kila mmoja alisoma ukurasa mmoja kwa sauti na kuuliza swali moja, na kila wiki mwenyekiti alikuwa mwingine, hata awe mwenye haya kiasi gani, nami zamu yangu ilipofika niliendesha kikao kwa saa mbili nikatamka labda sentensi kumi na moja, na kikao kikawa kizuri, kwa sababu wengine ndio waliosema.

Sheria ilikuwa moja, hakuna kummalizia mwenzako. Mama alikuwa akisema kwamba kummalizia mtu maneno na kummaliza mtu ni nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Msichana akikwama, na mwingine akitaka kumsaidia neno, Mama aliinua kidole kimoja, bila kumtazama mtu, akasema, "Subiri," na sote tulisubiri, dakika moja, dakika tatu, tukasikia mlinzi akikohoa nje, mpaka neno likaja. Kwa hiyo wasichana wakamwita Mama Subiri, na nyinyi mliozoea kusema subira huvuta heri, njooni siku moja muone inavyovuta, inavuta kwa kamba, tena polepole.

Mambo ya kuchekesha hayakukosekana, naye alipenda kuchekesha, basi sitayaficha. Mama aligundua kwamba wasichana wengi hukosa Jumamosi moja kila mwezi, na akajua sababu, akaweka kabati dogo la pedi nyuma ya rafu ya atlasi, na ili msichana asione haya kaunta, alitakiwa kusema tu, naomba atlasi, naye angeelekezwa. Karani mmoja mgeni, mwaminifu kupita kiasi, hakuambiwa siri ile, akawa anaandika kila ombi kwenye taarifa ya mwezi, na mwisho wa mwaka ikaja barua kutoka ofisi kuu ikiipongeza maktaba yetu kwa kuwatia wasichana hamasa kubwa ya somo la jiografia. Mama aliitundika ile barua ukutani, ndani ya lile kabati. Tena alikuwepo Mzee wa Magazeti, mstaafu aliyekuja kila Jumamosi kusoma habari za juzi, ambaye kwa miaka miwili aliandika kwenye kitabu cha malalamiko kwamba wasichana wanapiga kelele, malalamiko kumi na moja nimeyahesabu, na la kumi na mbili, aliloliandika baada ya mjukuu wake kujiunga, linasema vikao ni vifupi mno.

Wapo pia waliosema Mama anawafundisha watoto wa watu ujeuri, baadhi wako hapa leo na nawashukuru kwa kuja. Alichowafundisha ni hiki, kwamba kwenye kompyuta tatu za maktaba ambazo wavulana walizikalia tangu asubuhi, kuna daftari la zamu, mvulana, msichana, mvulana, msichana, na kwamba mtu akikutoa kwenye zamu yako unasema, hii ni zamu yangu, kwa sauti ya kawaida, bila matusi na bila kuomba radhi. Tuliifanyia mazoezi sentensi hiyo kama kwaya. Ilinichukua wiki sita kuisema kwa mtu halisi, na nilipoisema yule mvulana alisogea tu, wala hakushangaa, nami nikabaki na hasira yangu yote sina pa kuipeleka.

Kigugumizi changu hakikuondoka, mnasikia wenyewe. Kilichoondoka ni haraka.

Sasa nafika mahali ambapo Mama hakupenda kupafikia, lakini aliniambia mapema kwamba historia yake ikisomwa bila jambo hili itakuwa sifa tu, na sifa hazimsaidii mtu. Jumamosi tarehe 14 Agosti 2004, binti wa dobi, msichana wa miaka kumi na sita, mwenye kadi namba mia moja na kumi na mbili, ambaye kwa miezi minne alikuja, akaketi, akasoma ukurasa wake na hakuwahi kusema neno jingine, aliinua mkono. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano, mlinzi alikuwa ameshaanza kufunga madirisha, wasichana walikuwa wamesimama wanatafuta viatu, na Mama, akiwa na funguo mkononi na kichwa kikiwa kwenye mkutano wa saa nane, alimwambia kwa upole, "Subiri, mwanangu. Jumamosi ijayo utaanza wewe."

Binti wa dobi alishusha mkono, akatabasamu, akaaga. Jumamosi iliyofuata Mama alimwekea benchi la karibu na dirisha, tukasubiri hadi saa nne, na hakuja. Mama alikwenda kwao Jumatatu, akakuta mlango una kufuli na jirani anafagia, dobi na familia yake walikuwa wamehama siku ya Jumatano na mizigo yao yote, na jirani alisikia tu kwamba binti ameposwa na mtu wa mbali, mtu mzima, zaidi ya hapo hakujua. Mama aliandika barua, alipita shule mbili, alikwenda kwenye ofisi tatu, na Baba alimsindikiza kwenye kila moja, na hakumpata. Hatujui alitaka kusema nini. Huenda alitaka kuuliza habari za kitabu. Mama hakuamini hivyo hata siku moja, wala mimi siamini.

Kuanzia hapo neno lile lilibadilika kinywani mwake. Alisema subiri ni ya msikilizaji, si ya msemaji, na kwa miaka kumi na tisa iliyofuata hakuna msichana aliyeinua mkono akaambiwa angoje, mlinzi alipewa ufunguo wa pili na maagizo kwamba Jumamosi haina saa ya kufunga, na Mama alipostaafu tarehe 14 Machi 2018 aliendelea kuja kila wiki kwa hiari yake, akiketi kwenye benchi la karibu na mlango ili aone mikono yote. Kadi namba mia moja na kumi na mbili haikufutwa. Iko kwangu hapa, ndani ya daftari langu la kazi, na ikiwa mwenyewe yupo hapa leo, au yupo anayemjua, mwambieni ni zamu yake, na kwamba aliyemwambia asubiri alijuta mpaka mwisho.

Kwenye daftari la Jumamosi yameandikwa majina mia sita na kumi na matatu.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Jumanne tarehe 7 Machi 2023, saa tano asubuhi, akiwa amepita maktaba na anamwonyesha karani kaunta namna ya kushika sindano ya kushonea vitabu, ambapo kiharusi kilimwangusha na kumpoozesha upande wa kulia, na kumnyang'anya maneno. Hakikumnyang'anya akili. Alijua anachotaka kusema, alikiona, daktari alitueleza hivyo, ila njia ya kutoka ilikuwa imeziba, na nilipomtazama siku ya kwanza akitafuta neno la maji, mdomo umefunguka, macho yamenitazama, nilijua kabisa yuko wapi, kwa sababu mimi ndiko ninakoishi.

Walikuja wengi kumwona, na wote walimmalizia. Walimmalizia maji, walimmalizia chai, walimmalizia asante. Siku ya nne muuguzi alikuja na faili, akamuuliza jina lake, na Mjomba, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, akalitaja, na hapo nikaona kidole changu kimeinuka chenyewe, nikasikia sauti yangu, isiyo na kigugumizi hata kidogo, ikimwambia mkubwa wangu, subiri. Mjomba akanyamaza. Muuguzi akaishusha kalamu. Tulingoja dakika nne kwa saa ya ukutani, na Mama akasema jina lake lote, la kwake na la baba yake, kisha akalala kwa uchovu kama aliyelima.

Mjomba alibadilika baada ya siku ile, nami namshukuru kwa hilo mbele yenu. Alikuja kila Jumapili, akajifunza kukaa, kazi ambayo hakuwahi kuifanya, na Jumapili tarehe 3 Septemba alivuta kiti karibu, akaishusha ile sauti ya kituo cha mabasi mpaka ikawa ndogo, akamuuliza jambo ambalo mimi ndiye niliyemwambia kuwa lipo.

"Dada," alisema, "siku ile kwa mwalimu mkuu, ulitaka kujibu nini?"

Mama alifungua mdomo. Alianza mara tatu. Sikumsaidia, na Mjomba alikuwa anabana kingo za kiti kwa mikono yote miwili asije akamsaidia.

"Sijui, kaka," alisema Mama. "Sikupata nafasi ya kujua."

Wakashikana mikono, wakalia wote wawili, na hapakuwa na ugomvi, kwa sababu mkono ule aliomshika ndio uliombeba mgongoni. Ila ninataka mjue kwamba mwanamke huyu mliyemheshimu kwa kazi yake, na aliyeipenda kazi hiyo kweli, aliondoka duniani bila kujua alikuwa anataka kusema nini alipokuwa na miaka kumi na mitatu, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Kiharusi cha pili kilimpata Ijumaa tarehe 10 Novemba, na madaktari hawakutudanganya. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 13 Novemba 2023 nilikuwa naye peke yangu, jua limeingia hadi kitandani, nikimsomea kitabu kimoja cha uzi wa bluu, alipofungua macho, akauinua mkono wake wa kushoto, akanigusa midomo, nikaacha kusoma. Akasema, "Mwanangu, usi..."

Niliinua kidole ili vitu vyote chumbani vinyamaze. Nilisubiri. Alikuwa anakuja, niliona anakuja, na saa nne na dakika ishirini aliacha kuja. Aliishi miaka sitini na mitano na miezi minane kasoro siku moja.

Tangu Jumatatu nimeshauriwa na wengi. Shangazi amesema ni usilie. Kaka yangu amesema, akijaribu kunichekesha, ni usichelewe. Jirani amesema bila shaka ni usiogope, karani wa maktaba anaamini ni usisahau kadi, na Mjomba jana alianza kusema ni usi, kisha akaliziba neno kwa kiganja, akatoka nje. Yote yanawezekana. Nimeyajaribu mwenyewe kila asubuhi nikiwa kitandani, usikubali, usinisahau, usikwepe, na kila moja limeingia vizuri kama lilikuwa lake. Lakini mimi ni binti wa Mama Subiri na nimekaa Jumamosi zake tangu ya kwanza, na mtu huyu alimaliziwa maneno katika utoto wake na katika ugonjwa wake, basi angalau hili la mwisho libaki lake. Sitammalizia, nanyi nawaomba, msimmalizie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, hasa yule muuguzi aliyeishusha kalamu, majirani waliotupikia na kutufulia miezi minane, wafanyakazi wa maktaba waliokuja kwa zamu kumsomea, mlinzi wa ufunguo wa pili, Mzee wa Magazeti ambaye ametuletea gazeti la Jumatatu ile akidhani tutataka kulitunza, na tutalitunza, na wasichana wote mliokuja na kadi zenu mikononi. Leo ni Jumamosi, na saa tisa alasiri, badala ya saa tatu asubuhi, chumba kitakuwa wazi kama kawaida. Mwenyekiti wa zamu ana miaka kumi na miwili, na anaogopa, hivyo njooni.

Nimebakiza maneno matatu, mnayajua, na kwa kuwa mmenisikiliza muda wote huu mmekwisha kugundua kwamba sijaanza sentensi hata moja kwa herufi ile, ndiyo inayonikamata kuliko zote. Usiku na mchana nimefikiria kusema lala, lingepita kirahisi, maana ni ile ile. Lakini sitakwepa leo. Mjomba, nakala yako, asante, ibaki humo humo. Subirini. Sijakwama. Ninakuja.

Pumzika kwa amani.